Siku Arobaini za Kibanda cha Moshi

Oktoba 18

Daftari hili alilisahau mgeni wa chumba namba tatu, na kwa kuwa ameshakwenda zake, ni mali yangu. Alikuwa ameandika ukurasa mmoja tu, orodha ya vitu vya kununua. Nimeuchana. Sasa mwandishi ni mimi, Nevio, miaka kumi na minane, niliyeacha shule ya ufundi kwa hiari yangu mwenyewe, ingawa walimu nao waliniunga mkono sana.

Naandika kwa sababu leo nimewekeana dau na dada yangu Fosca, na dau lisiloandikwa huota miguu.

Ilikuwa hivi. Tumekaa jikoni baada ya wageni kula, watu watatu tu, Bibi Zelinda, Fosca na mimi. Wazazi wetu wana duka la aiskrimu Ujerumani, tunawaona Krismasi. Fosca akakunjua karatasi ya ramani mezani, juu ya makombo. Kibanda cha moshi kilichoko nyuma ya nyumba, kile ambacho familia yetu imekaushia kastania, kokwa tamu za msituni tunazosaga unga, tangu kabla Bibi hajazaliwa, anataka kukigeuza bafu la mvuke. Mbao nyeupe, taa ndogondogo, mabomba. Fundi ameshapima.

"Wageni wa siku hizi, Bibi, wanataka kutoka jasho wakiwa wamekaa," alisema.

"Waje waokote kastania," Bibi akajibu. "Watatoka jasho na migongo itawauma bure, bila kulipia mvuke."

"Babu hayupo. Nani atautunza moto mwaka huu?"

Babu Orfeo alifariki Februari. Kila msimu alikaa na moto ule siku arobaini kama mama na mtoto mchanga. Jikoni pakawa kimya, na mimi kimya huwa kinaniwasha. Nikasema, "Nipo mimi."

Fosca alicheka mpaka akashika meza. "Wewe? Jana umeunguza maziwa, tena ulikuwa umeyasimamia."

"Maziwa ni kazi ndogo, hainistahili."

Bibi akagonga meza na kijiko. Akaamua kama anavyoamua kila kitu, bila kuinua sauti. Nikaushe mimi. Unga ukitoka mtamu, kibanda kinabaki kilivyo. Ukitoka mchungu, fundi anaanza Januari.

"Na nani ataonja?" nikauliza.

"Fosca."

"Bibi, hiyo ni kesi ya kifaranga na hakimu mwewe."

"Ndiyo maana nimemteua, mume wangu. Huyu akisema mtamu, hapa bondeni hakuna atakayebisha."

Nimeshinda tayari, ila wenzangu hawajajua.

Oktoba 20

Tumeokota tangu asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala msituni na hautaki kuamshwa. Mikastania ilitokea kiuno juu, haina miguu, halafu ikapotea tena. Kastania zinaanguka zenyewe, tap, tap, na ukisimama kimya unadhani nyuma yako kuna mtu mwenye miguu mingi anayekunyatia. Wageni sita walikuwa nasi, wamevaa glavu mpya kwa ajili ya miiba ya maganda. Wakiokota kumi wanapiga picha moja.

Kati yao yuko Bi Ottavia, mwalimu mstaafu kutoka Torino. Mumewe alikufa zamani. Kila mwaka huja mwezi mzima, na chumba chake ni kile cha juu kinachotazama Mlima Forato. Safari hii amekuja na mkongojo.

"Mwalimu," nikamwambia, "hiyo fimbo ni ya kutembelea au ya kuchapia?"

"Itategemea tabia yako, kijana."

Aliokota vikapu viwili. Mimi nane. (Sita, lakini vilijaa sana.)

Oktoba 23

Nimewasha leo. Arobaini zinaanza.

Kibanda ni cha mawe, chumba juu ya chumba, na katikati hakuna dari, kuna uchaga wa fito. Juu ya uchaga tumemwaga kastania kimo cha goti langu. Chini, kwenye sakafu ya udongo, kuna moto. Ila usiuite moto mbele ya Bibi, kwa sababu moto wa kibandani hauruhusiwi kuwa na ndimi. Ni gogo la mkastania linalovuta moshi polepole kama mzee na kiko chake, limefunikwa makapi ya mwaka jana ili lisije likachangamka. Moshi unapanda, unapenya kwenye fito, unapita katikati ya kastania na kutokea kwenye vigae vya paa. Paa zima linapumua. Ukilitazama kutoka barabarani unaona nyumba inaota ndoto.

Bibi alisimama mlangoni akanipa masharti. Mlango ufungwe. Kuni ni za mkastania, nyingine hapana, hata kijiti. Na moto usiachiwe mtu mwingine.

"Bibi, masharti mengi kama mahari."

"Mahari hulipwa ikaisha. Huu utakudai mpaka Desemba."

Oktoba 24

Moshi.

Oktoba 25

Moshi na mvua.

Oktoba 26

Nanuka soseji. Paka wa Duilio, msagaji wa kinuni, ananifuata kila niendako, na ananitazama kwa namna ambayo siipendi.

Oktoba 28

Nimewapeleka wageni Mlima Forato. Huo ni mlima wenye tundu kileleni, tundu kubwa ambalo kanisa letu lingepita bila kuinama. Nilifunika moto alfajiri kwa makapi, tukarudi saa tisa, na gogo lilikuwa lilelile, halijasogea hata kidole. Moto huu ni punda. Ukiulisha asubuhi unakungoja.

Njiani niliwaambia kwamba mbwamwitu waliwahi kunizunguka saba nikawaimbia mpaka wakaondoka. Bwana mmoja wa Padova aliuliza niliwaimbia nini. Nikasema siwezi kurudia, wasije wakarudi.

Tulipofika tulikaa ndani ya tundu lenyewe, chini ya daraja la jiwe. Upepo unapita pale ukivuma kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Upande mmoja ni bonde letu na moshi wake mwembamba, upande wa pili ni bahari, mbali, imelala kama bati lililosahauliwa juani. Niliona moshi wa kibanda changu, uzi mmoja wa buluu, nikajiona nimeshika ncha ya uzi ule mkononi.

Halafu bwana wa Padova akatoa mkate wenye kitunguu na ndoto ikaisha.

Novemba 2

Makaburini. Bibi aliweka taa na maua kwa Babu Orfeo. Jana usiku aliacha bakuli la kastania zilizochemshwa mezani kwa ajili ya marehemu, kama kila mwaka, na asubuhi zilikuwa zimepungua. Bibi ananitazama mimi. Mimi namtazama Babu.

Fosca hakukaribia kaburi. Alisimama langoni na funguo za gari. Nilipomfuata alisema, "Alikuwa mkaidi yule," basi.

Nilikasirika. Mtu anamsema babu yake hivyo siku ya wafu. Nimeandika hapa ili nisisahau: Fosca hana moyo, ana kikokotoo.

Novemba 4

Mvua. Gogo la tatu.

Novemba 5

Wageni wamejifunza kukanda mkate na Bibi. Mmoja amekanda pete yake ya ndoa. Imepatikana kwenye mkate wa nne.

Novemba 8

Leo nimekuwa mtu mashuhuri.

Wageni waliomba kukiona kibanda. Nikawakaribisha kumi na mmoja, nikawaketisha kwenye mabenchi ya zamani kuzunguka moto, macho yanawatoka machozi, wanakohoa na kutabasamu. Niliwaeleza kila kitu, na pale nilipokuwa sijui nilieleza zaidi. Nilisema moto huu haujazimika tangu enzi za babu wa babu yangu. Walipiga makofi. Walitoka, wakaingia wengine. Mlango ukawa hautulii kama mdomo wa Duilio.

Mara ya nne Fosca akaja, akawatoa kwa adabu kama anavyowatoa kuku, akafunga mlango.

"Kila ukiufungua unatoa joto na kuingiza upepo," alisema. "Hiki ni kikaushio, si ukumbi wa sinema."

"Wewe unataka kukifanya bafu, leo unanifundisha heshima yake?"

Alinitazama. Akaenda zake.

Bi Ottavia alibaki. Alikaa peke yake kwenye benchi, mikono juu ya mkongojo. Alisema harufu ile ilimrudisha kwa mama yake, ambaye alizaliwa milimani. Akauliza, "Naweza kukusaidia siku moja? Nisikae tu kama kifurushi."

Nikamwambia, "Mwalimu, kazi hii kwangu ni mchezo, hata mtoto anaiweza. Ukipita wakati wowote, tia chochote, usiogope."

Alifurahi sana. Nami nilifurahi kumfurahisha. Mimi ni mtu mwema.

Novemba 10

Mawingu. Wageni wote wanaomba kesho kuwe kweupe.

Novemba 11

Nitaandika kwa mpangilio.

Leo ni Mtakatifu Martino. Siku hii mvinyo mpya unafunguliwa, kastania zinachomwa kwenye kikaango chenye matundu, na ukiwa barazani kwetu unaona jua likizama mara mbili. Linashuka nyuma ya Forato, bonde linaingia kivuli, halafu dakika chache baadaye linatokea tena kwenye lile tundu, dogo kama jicho, linakutazama, ndipo linakwenda kweli. Watu huja kutoka mbali kwa ajili ya dakika hizo.

Tangu saa nane nilikuwa barazani. Nilichoma kastania, nilimimina mvinyo, nilirusha kikaango hewani na kukidaka. Mara ya mwisho kuingia kibandani ilikuwa asubuhi. Naandika hivyo hivyo ilivyo: asubuhi.

Jua likazama mara ya kwanza. Baridi ikapanda kutoka mtoni. Watu arobaini wakageukia mlima, mvuke ukiwatoka midomoni, hata watoto. Nyuso zote zilikuwa za kijivu, kama picha za zamani. Nilifikiri, kama kila siku ingekuwa na nafasi ya pili hivi, ningechelewa kila mahali bila wasiwasi. Kisha tundu la mlima likawaka. Nuru ikaja moja kwa moja, nyembamba, ya rangi ya asali, ikapita juu ya vichwa vyetu na kugonga paa la kibanda.

Na moshi uliokuwa juu ya paa ulikuwa mweusi.

Moshi wetu ni wa buluu au mweupe. Mweusi maana yake kuna kitu kinawaka.

Nilikimbia nikiwa bado nimeshika kikaango. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani ndimi za moto zilikuwa zimesimama wima, ndefu, zinalamba fito za uchaga, na harufu haikuwa ya mkastania kabisa. Ilikuwa ya utomvu, kama rangi ya mafuta. Nikachukua ndoo ya maji. Nilikuwa nimeshaiinua Fosca alipoipiga teke ikaniruka mkononi.

"Maji yatazichemsha zote. Panda juu. Ondoa zilizo katikati, zisukume pembeni. Haraka, na uzibe pua."

Nilipanda. Moshi ulikuwa kama godoro usoni. Nilisukuma kastania kwa mikono, kwa magoti, kwa kifua, zilikuwa za moto kama mawe ya tanuri. Chini niliona kichwa cha Fosca kati ya fito. Alikuwa amepiga magoti. Hakutafuta kitu hata kimoja. Mkono wake ulikwenda nyuma ya mlango ukatoka na koleo la kipini kifupi ambalo mimi, mlinzi wa siku ishirini, sikujua kuwa lipo. Ukaenda kwenye sanduku la majivu. Akamwaga majivu, akavuta magogo yakaachana, akamwaga makapi, tena majivu, polepole, kana kwamba anamfunika mtu blanketi. Ndimi zikafupika, zikajificha, zikafa. Sijui ilichukua muda gani. Tulipotoka majua yote mawili yalikuwa yamekwisha.

Fosca alichokoa majivu kwa fimbo akatoa kitu cheusi cha mviringo. Tunda la msonobari. Akatoa la pili. La tano.

"Nani katia haya?"

"Mwalimu," nikasema. Sikuchelewa hata pumzi moja.

Bi Ottavia alikuwa amesimama nyuma yetu na shali yake. "Ni mimi," alisema. "Niliyakusanya njiani. Yalikuwa mazuri, nikaona yatanukia. Nikaona moto unacheka, nikadhani nimefanya vizuri."

"Nani alikwambia utie?" Fosca aliuliza.

Bi Ottavia alinitazama. Alinitazama kama walimu wanavyokutazama wakiwa wanalijua jibu na wanakungoja wewe. Nilikuwa na nafasi yote ya dunia. Nikatazama viatu vyangu.

"Hakuna," alisema. "Nilijiamulia."

Novemba 12

Kipande cha katikati, ukubwa wa kitanda cha watu wawili, kimeungua kuwa mkaa. Hizo zinaonekana, hazina shida. Shida ni zile zilizokuwa jirani. Kwa nje ni sawasawa na nyingine, lakini zimekunywa moshi wa utomvu. Bibi anasema chache tu za namna hiyo zinatosha kuuchungusha unga wote, na huko kinuni hazitajitambulisha.

Hakunigombeza. Alisema, "Washa upya, mume wangu. Bado siku ishirini," akaenda kuwalisha kuku. Afadhali angenipiga.

Bi Ottavia anafunga mizigo. Alikuwa akae hadi tarehe kumi na tano.

Novemba 13

Nilimfuata Fosca ghalani, nikasimama, nikasema bila kupumua, "Mimi ndiye niliyemwambia atie chochote. Tarehe nane. Nilisema hata mtoto anaiweza."

Aliendelea kukunja mashuka. "Najua. Sauti yako ikiwa inajisifu inasikika mpaka kinuni."

"Mbona hukusema juzi?"

"Nilikuwa nakungoja. Yeye pia. Shika ncha ile, shuka hili ni kubwa."

Tukakunja shuka kumi na mbili. Kisha nikaenda chumba cha juu. Sitaandika nilichomwambia Bi Ottavia, kilikuwa kifupi na hakikuwa na mbwamwitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaanza kutoa nguo zake kwenye sanduku na kuzirudisha kabatini.

"Nitakaa mpaka moto wako uzimike," alisema. "Nimekuharibia kazi, siwezi kwenda kula chokoleti Torino."

Novemba 16

Leo ni siku ya kugeuza, ya chini ziwe juu na ya juu ziwe chini. Nilijua nitafanya peke yangu. Nilipopanda uchagani nilimkuta Fosca ameshafika, kitambaa puani, nywele amezifunga. Anageuza kwa mapigo marefu kama mtu anayepiga makasia. Nilijaribu kumshinda kasi. Nilichoka kabla sijafika ukutani.

"Umejifunza wapi?" nikauliza.

"Nilikuwa na miaka tisa. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Kila Novemba mpaka ile ya mwaka jana."

"Nilidhani ni Babu."

"Babu alikuwa anawaambia wageni. Mimi nilikuwa nageuza." Alisema bila hasira, kama anataja bei ya mayai. "Nilipata nafasi chuo cha hoteli, Bologna. Masomo yanaanza Novemba. Nikamwambia Babu, akakohoa, akasema mwakani. Mwaka uliofuata nikasema mwenyewe, mwakani. Ukisema mara nne inakuwa jina lako."

Kastania zilikuwa zinagongana chini ya mikono yetu, sauti kavu, nzuri. Nje ukungu ulikuwa umeziba dirisha, tukawa kama watu wawili kwenye mashua iliyopotea.

"Kwa hiyo bafu la mvuke..." nikaanza.

"Bafu lina swichi, Nevio. Unazima, unakwenda."

"Hukuwahi kuniambia."

"Uliwahi kuniuliza?"

Nimesoma tena ukurasa wa tarehe mbili. Sijauchana. Uache ukae hapo uniaibishe.

Novemba 19

Theluji ya kwanza juu ya Forato. Mlango umefungwa. Wageni wanatazama kupitia dirishani na kunipungia kama samaki wa kwenye tangi. Mimi ndiye samaki.

Novemba 21

Moshi.

Novemba 22

Moshi. Duilio amenikuta njiani akaniuliza magunia mangapi. Nilishamwambia Oktoba kwamba nitamletea manane, yakizidi asilalamike. Nikasema, "Tutaona." Akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Novemba 26

Nimegundua gogo linazungumza. Likikaribia kuchangamka linapiga kelele ndogo, tss, kama mtu anayevuta mate. Hapo unaongeza makapi. Nilikuwa nalo mwezi mzima sikulisikia kwa sababu nilikuwa naongea mimi.

Wageni wamebaki wawili. Wanashuka mtoni asubuhi, wanarudi na mawe meupe mfukoni, wanayapanga dirishani. Nyumba imekuwa na usingizi. Bi Ottavia anakaa nje ya mlango wa kibanda, blanketi magotini, ananisomea magazeti ya juzi kupitia ufa. Habari zote zinafika zikiwa zimekolea moshi, hazitishi.

Desemba 1

Siku ya arobaini. Sikuongeza kuni. Nilikaa nikalitazama gogo la mwisho likizama ndani ya majivu yake, mpaka likawa joto tu, kisha hata joto hapana. Paa limeacha kupumua. Nilipotoka nje hewa ilikuwa kali na tupu, nikahisi nimesahau kitu mahali, sijui kitu gani.

Desemba 3

Tumepiga kastania maganda yatoke. Tunazitia kwenye mifuko mirefu na kuipiga kwenye gogo, mimi na Fosca kwa zamu, Bibi anapepeta. Zinatoka uchi, za rangi ya pembe, ngumu kama meno.

Desemba 4

Kuchagua. Hapa ndipo kazi ilipo.

Pua yangu imekufa. Nimekaa ndani ya moshi siku arobaini, hata kitunguu nakinusa kama maji. Ya Fosca na Bibi nayo si nzima, wanafua nguo zangu. Nilikaa na lundo mbele yangu nikichukua moja moja, zote zinanuka moshi, zote ni nzuri, na kichwani naona magunia manane na uso wa Duilio. Nani angejua? Nikizichanganya vizuri, moja hapa, moja kule. Nilianza kuwa na sababu nyingi nzuri.

Bi Ottavia akavuta kiti. Akachukua konzi, akainusa, macho ameyafumba. "Hizi hapana," akasema. Akachukua nyingine. "Hizi ndiyo." Yeye amelala chumba cha juu, dirisha wazi, pua yake ni ya Torino bado.

Nikawa namletea konzi baada ya konzi. Akisema hapana natupa kwenye ndoo ya nguruwe. Akisita natupa.

Desemba 5

Tunaendelea. Ndoo imekuwa pipa.

Desemba 6

Jana jioni nilipima kwa macho kilichobaki, nikaacha kuhesabu. Leo kuna sehemu ya mwisho, ile iliyokuwa upande wa ukuta wa kushoto, nzuri kabisa kwa sura. Bi Ottavia alinusa, akanusa tena. "Sina hakika, Nevio. Labda ni uchovu wangu. Unaweza kuziacha."

Ilikuwa gunia zima na zaidi. Fosca alikuwa mlangoni na kikapu cha nguo, amesimama.

Nimezimwaga kwa nguruwe.

Desemba 9

Kinuni. Duilio ana kinu cha maji, jiwe linazunguka taratibu kwa sababu likikimbia linapata joto na unga unaharibika. Aliyatazama magunia yangu mawili. La pili halikuwa limejaa.

"Mengine sita yanakuja kwa miguu?" aliuliza.

"Yamekwenda kwa nguruwe."

"Nguruwe wenu wana bahati. Wangu wanakula maneno yako tu."

Nilimwacha acheke. Nilisimama nikitazama unga ukishuka kwenye sanduku, mwembamba, bila sauti, kama theluji inayoanguka ndani ya nyumba. Duilio alichovya kidole akaninyooshea nionje. Nikakataa. Kuonja si kazi yangu.

Desemba 10

Bibi alipasha moto zile sahani mbili za chuma zenye mikono mirefu, akamimina uji wa unga katikati, akazibana. Harufu ilipotoka mimi sikuinusa, niliiona tu kwenye uso wa Bi Ottavia. Chapati hizo tunaziita necci. Kawaida tunazijaza jibini laini. Bibi akasema leo bila jibini, jibini linaficha mambo.

Ya kwanza ikaenda kwa Fosca.

Aliikunja mara mbili. Akauma. Alitafuna polepole sana, macho kwenye dirisha, na mimi nilihesabu matonge yake kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Alimeza. Akanywa maji. Uso wake ulikuwa mlango uliofungwa. Akala nusu iliyobaki. Akafuta vidole, akachukua simu, akatoka nje.

Bibi aliendelea kumimina uji. Bi Ottavia aligeuza kijiko chake juu chini. Kupitia kioo tulimsikia.

"Fundi? Fosca hapa. Hapana, usije Januari. Februari pia hapana. Hutakuja."

Alirudi na baridi kwenye nguo, akakaa, akajivutia necci ya pili. Hakunitazama. Bibi alimwekea jibini bila kuulizwa.

"Mwakani Novemba sipo," Fosca alisema. "Nakwenda. Siku zote arobaini, labda na zaidi."

"Bologna?" Bibi aliuliza.

"Bologna. Nimeuliza, wanachukua hata wazee wa miaka ishirini na saba." Ndipo akanigeukia. "Hutakuwa na mtu wa kukupigia ndoo teke. Utaweza?"

Bi Ottavia aliacha kutafuna. Bibi alishika chuma hewani. Wote walikuwa wananingoja nijipige kifua. Hata mimi nilikuwa najingoja.

"Sijui," nikasema.

Fosca akanisukumia sahani yake. "Kula basi," alisema. "Inapoa."